Kabla ya kununua pakiti ya bakteria, angalia matundu ya udongo

Msimu wa kupanda soya na maharage ukikaribia, maduka ya pembejeo hujaa pakiti za rizobia (bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde), chupa za mikoriza (fangasi wanaoshirikiana na mizizi), unga wa trikodema (fangasi anayepambana na magonjwa ya mimea) na madumu ya "maji ya vijidudu" ambayo lebo yake haielezi kilichomo. Baadhi ya bidhaa hizi ni nzuri kweli. Lakini pakiti ileile ya rizobia inaweza kujaza mizizi vinundu, vile vinavyokamata naitrojeni ya hewa, kwenye shamba moja, na kwa jirani isionekane imefanya lolote. Mara nyingi sababu haimo kwenye pakiti. Imo kwenye udongo: una hewa kiasi gani, maji yanakaa wapi, tindikali iko kiwango gani, na mabonge yake yanastahimili mvua au yanageuka uji.

Chokaa, jasi, samadi, mboji na bayocha (mkaa wa kuboresha udongo) huitwa kwa pamoja viboreshaji vya udongo, na kuziweka chini ya jina moja kumewagharimu wakulima pesa nyingi. Kila kimoja kinatibu tatizo lake. Ukikosea tatizo, unaweza kuwaumiza bakteria uliowanunua kwa bei.

Tuanze na mahali wanapoishi. Chukua bonge la ukubwa wa punje ya mahindi kutoka chini ya nyasi za miaka mingi, ulivunje taratibu kwa vidole. Utaona halivunjiki hovyo. Linaachia mahali penye udhaifu, na ndani mna vijizizi, nyuzi nyeupe za fangasi na matundu ya kila ukubwa. Bonge la namna hiyo ni chembe za mfinyanzi na vumbi laini zilizogandishwa pamoja na ute wa bakteria, kisha vijibonge hivyo vikafungwa na nyuzi za fangasi na vijizizi kuwa mabonge yanayozidi robo milimita.

Ukubwa wa matundu ndio unaoamua nani aishi wapi. Bakteria ana urefu wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Protozoa, vijidudu wanaomla, ni wakubwa mara kadhaa, hivyo tundu lenye mlango mwembamba wa sehemu tatu za elfu za milimita ni kimbilio: bakteria anaingia, mlaji anabaki nje. Nyuzi za mikoriza ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, na kwa hiyo hufika kwenye fosforasi ambayo mzizi wenyewe haufiki. Matundu makubwa, yale ya kuanzia karibu sehemu thelathini za elfu za milimita kwenda juu, humwaga maji siku moja au mbili baada ya mvua na kuacha hewa iingie. Madogo zaidi ya hapo hushika maji ambayo mmea utayanywa wakati wa jua.

Udongo uliokandamizwa hupoteza kwanza yale makubwa. Trekta likipita shamba likiwa na maji, au jembe la mkono likilima kina kilekile cha sentimita 10 hadi 15 miaka nenda rudi, linaacha tabaka gumu chini. Matundu madogo bado yapo, yamejaa maji, ila hewa haipiti. Hapo bakteria wanaohitaji oksijeni hulala, na wale wanaoweza kuishi bila hewa huanza kutumia nitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea ungeinyonya, badala ya oksijeni. Naitrojeni uliyoilipia inapaa kama gesi.

Hili linapimika bila mashine ya ajabu. Tafuta kopo la chuma lililotobolewa pande zote mbili, lenye kipenyo cha sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 442. Siku mbili baada ya mvua kubwa, weka kipande cha ubao juu yake, ligonge taratibu mpaka lizame lote, lichimbue bila kutikisa, kisha kata udongo uliozidi kwa kisu. Pima uzito, kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Tuseme udongo mbichi ni gramu 780 na mkavu ni 620. Gawanya 620 kwa 442, unapata gramu 1.40 kwa sentimita ya ujazo. Chembe zenyewe za udongo zina uzito wa karibu gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, hivyo chembe zimejaza asilimia 53 ya kopo (1.40 gawanya kwa 2.65) na matundu ni asilimia 47, yaani sentimita za ujazo 208. Maji yaliyomo ni gramu 160, sawa na sentimita za ujazo 160, kwa hiyo matundu yamejaa maji kwa asilimia 77.

Bakteria wanaohitaji hewa hufanya kazi vizuri zaidi matundu yakiwa yamejaa maji kwa karibu asilimia 60. Yakikaribia 80, upotevu wa naitrojeni huanza kwa nguvu. Shamba la mfano wetu liko pabaya, na hakuna chupa ya vijidudu itakayolitibu. Linahitaji kupasuliwa lile tabaka gumu kwa ripa, jembe la meno marefu, wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Ukipasua ukiwa na unyevu, meno ya ripa yanachora tu mfereji wenye kuta zilizosiribwa. Mwaka huohuo panda kitu chenye mizizi ya kwenda chini, kama mbaazi, ili nyufa zisijifunge. Chuma hufungua udongo kwa msimu mmoja. Mizizi na nyuzi za fangasi ndizo zinazouweka wazi.

Sasa tindikali, kwa sababu hapo ndipo soya na maharage yanapoumia zaidi katika udongo mwekundu wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya. pH, kipimo cha tindikali ambacho namba ikipungua tindikali huzidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye chembe huanza kuyeyuka. Inadumaza ncha za mizizi na kuishika fosforasi isitumike. Rizobia wengi wa maharage hudhoofika pH ikiwa chini ya 5, na mazungumzo ya kikemikali kati ya mzizi na bakteria, yale yanayotangulia kinundu, huvurugika kabla bakteria wenyewe hawajafa. Molibdenamu, ambayo ni sehemu ya kimeng'enya kinachokamata naitrojeni ya hewa, nayo hufungwa udongo ukiwa na tindikali. Ndiyo maana chokaa peke yake, bila kuongeza bakteria yeyote, mara nyingine huleta vinundu.

Kiasi cha chokaa hakikisiwi kwa kuangalia pH tu. Udongo wa kichanga na wa mfinyanzi wenye pH moja huhitaji viwango tofauti kabisa. Omba maabara ikupimie alumini inayobadilishika, yaani ile inayoweza kuachiwa na chembe za udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na kituo cha utafiti cha KALRO Kabete nchini Kenya wana maabara za udongo. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha kiwango cha alumini (kwa sentimoli kwa kilo ya udongo) kwa 1.5, na jibu likawa tani za kalsiamu kaboneti kwa hekta, kwa kina cha sentimita 15. Alumini ikiwa 1.5, unahitaji tani 2.25 kwa hekta, yaani kilo 900 kwa ekari, mifuko 18 ya kilo 50. Hiyo ni kwa chokaa safi kabisa. Kama uwezo wake wa kupunguza tindikali ni asilimia 80, gawanya 900 kwa 0.8: sasa ni kilo 1,125, karibu mifuko 23. Uliza namba hiyo dukani. Muuzaji asiyeijua anakuuzia unga mweupe tu.

Ulaini nao ni muhimu. Chembe zisizopita kwenye chekecheke la robo milimita huchukua misimu kuyeyuka. Na isiwe chokaa ya kupaka ukuta. Ile iliyochomwa na kuzimwa kwa maji ina pH inayozidi 12. Ukiweka karibu na mbegu iliyopakwa rizobia, umewaunguza wote. Majivu ya jikoni pia ni makali kuliko watu wanavyodhani, maana potasiamu yake huyeyuka papo hapo. Yanafaa kwa kiasi kidogo yakichanganywa mapema.

Tawanya chokaa shamba zima, ichanganye hadi sentimita 15 au 20, na uipe angalau wiki tatu hadi nne kwenye udongo wenye unyevu kabla ya kupanda. Kwenye vumbi kavu haifanyi chochote. Usiichanganye na samadi mbichi wala urea kwa pamoja, kwani amonia itapotea hewani. Upo pia mtego mmoja wa kwetu: fosfeti ghafi ya mwamba kutoka Minjingu, mkoani Manyara, inategemea tindikali ya udongo ili iyeyuke. Ukiiweka mahali palepale ulipomwaga chokaa nyingi, unaizima. Chagua: ama chokaa na mbolea ya fosforasi inayoyeyuka kwa maji, ama fosfeti ghafi kwenye udongo ulioachiwa tindikali yake ya wastani.

Chokaa huamsha vijidudu kwa ujumla, na hilo lina gharama. Vikipata pH nzuri na kalsiamu, hula mboji iliyokuwapo kwa kasi zaidi. Msimu wa kwanza mazao yanapendeza. Baada ya misimu kadhaa bila samadi wala mabaki ya mazao, mabonge yanaanza kulegea. Kuweka chokaa mwaka baada ya mwaka bila kurudisha chakula ni kula mtaji. Ukizidisha na pH ikapita 6.5 kwa udongo huu mwekundu, zinki na manganizi hupungua, na majani machanga yatakuonyesha kwa kugeuka manjano kati ya mishipa.

Udongo wa magadi ni habari nyingine kabisa. Katika nyanda kavu za bonde la Pangani na maeneo ya umwagiliaji yasiyotoa maji vizuri, sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye chembe za mfinyanzi. Chembe husukumana badala ya kushikana. Mvua ikinyesha, mfinyanzi huelea, huziba matundu, kisha hukauka kuwa gamba ambalo hata mche wa maharage haulitoboi. Vijidudu vinavyoishi humo hukosa hewa leo na maji kesho.

Kipimo chake ni glasi. Chukua mabonge makavu matatu hadi matano yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, yadondoshe kwenye glasi ya maji ya mvua, na usikoroge. Usitumie maji ya kisima, chumvi yake itakudanganya. Tazama baada ya dakika 10, kisha baada ya saa mbili. Bonge likibaki zima, mambo ni mazuri. Likivunjika kuwa makombo na maji yakabaki safi, udongo umepungukiwa na mboji na nyuzi za fangasi. Dawa ni samadi, mizizi na kupunguza kulima. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotulia, una tatizo la sodiamu, na hapo jasi ndiyo inayofaa.

Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, hivyo kwa wakulima wa ukanda huo si mzigo wa mbali. Haipandishi pH kama chokaa. Inaleta kalsiamu inayoyeyuka, ambayo inaing'oa sodiamu. Chokaa ya kawaida haisaidii hapa kwa kuwa katika pH ya 8.5 haiyeyuki. Kuondoa kizio kimoja cha sodiamu, yaani sentimoli moja kwa kilo ya udongo, katika kina cha sentimita 30 kunahitaji karibu tani 3.5 za jasi safi kwa hekta, tani 1.4 kwa ekari. Lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 2.5 za jasi, kwa hiyo ekari hiyo inahitaji karibu milimita 140 za maji yanayopenya ndani ili jasi yote iyeyuke, na mengine ya kuisukuma sodiamu chini. Kama hakuna mfereji wa kutoa maji hayo, sodiamu inabaki palepale na hela imezikwa. Wanaoshindwa na jasi wengi hushindwa kwenye mfereji. Na kwa udongo mwekundu wa tindikali usio na magadi, jasi haichukui nafasi ya chokaa, hata muuzaji aseme nini.

Samadi na mboji ndizo pekee zinazogusa kila kitu kwa pamoja: chakula, ute, matundu, na hata alumini, ambayo hunaswa na asidi za mboji. Tatizo ni uwiano wa kaboni na naitrojeni. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi ina karibu kilo 420 za kaboni na kilo 6 hadi 7 za naitrojeni. Vijidudu huchoma sehemu kubwa ya kaboni hiyo kwa kupumua na kujenga miili yao kwa theluthi moja hivi, kilo 140. Kila kilo 10 za kaboni mwilini zinataka karibu kilo moja ya naitrojeni, kwa hiyo wanahitaji kilo 14. Zilizopo ni 7. Saba nyingine wanazichukua kwenye udongo, mbele ya mahindi yako. Hiyo ni sawa na kilo 15 za urea zilizokopwa kwa wiki kadhaa, na majani yanageuka manjano wakati mkulima anadhani mabua ni mbolea.

Mabua yakiachwa juu ya ardhi kama matandazo, mkopo huo ni mdogo sana, kwani ni tabaka jembamba tu linalogusana na udongo. Yakifukiwa yote, fidia kwa naitrojeni au fukia miezi miwili kabla. Kwa soya na maharage upungufu mdogo wa naitrojeni mwanzoni si msiba: mmea wenye njaa kidogo ya naitrojeni huita rizobia, ulioshiba huwapuuza. Ndiyo maana shamba la soya lililomwagiwa urea lina mizizi mitupu.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi kwa amonia. Lundo lichanganywe na mabua au maganda ya mpunga mpaka uwiano ufike 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ligeuzwe kila joto linaposhuka. Katikati lifike nyuzi 55 hadi 65. Chukua fimbo ya chuma, iache ndani dakika tano, ukiitoa ikakushinda kuishika, lundo linafanya kazi. Likipoa na lisipate joto tena hata baada ya kugeuzwa, ndipo likomae mwezi mwingine. Tani mbili kwa ekari kila msimu zinajenga mabonge kuliko tani kumi kwa mara moja kila baada ya miaka mitano.

Bayocha, yaani mkaa uliochomwa bila hewa ya kutosha kisha kusagwa, ni matundu matupu. Yanashika maji na kuwapa bakteria maficho, lakini ukiuweka mkavu na mpya unanyonya naitrojeni na mara nyingi una pH ya 8 hadi 10. Uloweke kwenye mkojo wa ng'ombe au uchanganye kwenye lundo la mboji kwanza. Kwenye udongo wa magadi, uache.

Molasi na maji ya sukari ya kuchochea vijidudu? Vinaamka, vinapumua kwa siku chache, vinarudi kulala. Muundo wa udongo haubadiliki.

Mikoriza wanadai maneno machache ya pekee. Sukuma wiki, kabichi na mchicha havishirikiani nao, hivyo msimu mrefu wa mboga hizo hupunguza idadi yao shambani, na chupa ya mikoriza kwenye kitalu cha kabichi ni hasara. Mbolea nyingi ya fosforasi huufanya mmea usiwahitaji. Kulima mara kwa mara hukata mtandao wa nyuzi. Mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, bila shamba kukaa uchi, huwaongeza bure.

Baada ya hayo yote ndipo pakiti ya rizobia inapata mahali pa kufanyia kazi. Kwa soya na maharage tumia gramu 10 kwa kilo ya mbegu, isipokuwa lebo ikisema vinginevyo, na hakikisha ni rizobia wa zao hilo. Wa maharage hawafai kwa soya. Baadhi ya soya za IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki) zenye jina la TGx huweza kushirikiana na rizobia wa kienyeji, nazo pia kwa kawaida hunufaika na pakiti nzuri. Lowanisha mbegu kwa maji kidogo yenye sukari, karibu mililita 20 kwa kilo, ili unga unate. Changanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie mara moja. Mbegu zilizopakwa dawa ya fangasi zenye rangi kali hazifai kwa kazi hii, na mbolea ya kupandia isigusane na mbegu ulizopaka rizobia: iwe sentimita 5 pembeni.

Wiki ya tano hadi ya saba, chimba mimea mitano kwa jembe, usiing'oe, loweka mizizi kwenye ndoo na upasue vinundu kwa wembe. Ndani kukiwa kwekundu au waridi, vinakamata naitrojeni. Vyeupe bado vichanga au bakteria wake hawafanyi kazi. Vya kijani au kahawia vimechoka, au udongo ulikaa na maji. Vinundu vikubwa vichache karibu na shina ni dalili nzuri kuliko vidogo vingi vilivyotapakaa. Visipokuwapo kabisa ilhali pH imezidi 5.5, rudi kwenye kopo na glasi, kisha uliza pakiti ilikaa wapi kabla hujainunua: nusu siku kwenye dashibodi ya gari juani inatosha kuwaua wote.